Peugeot 404 ya babu: rangi au nyeusi na nyeupe?

Wakuu, kesho alfajiri naipiga picha 404 ya babu kando ya Fort Jesus. Ni ya buluu, ila madigadi ya kushoto ilipakwa buluu nyingine. Nifanyeje?

— Nyeusi na nyeupe, ndugu. Tofauti ya madigadi itafifia, kromu ya bampa itasimama. Lakini maliza mapema. Jua likifika utosini kromu yote inaungua, yaani inatoka nyeupe tupu pichani.

— Mie napinga. Ukuta wa ngome una manjano ya udongo, na hapo mbele yake buluu! Uiondoe ya nini? Gari lililoshinda Safari Rally 1963, tena 1966 hadi 1968, lastahili rangi zake.

— Shukran. Napiga RAW, yaani faili ghafi la kamera lenye rangi zote; kugeuza kuwa nyeusi na nyeupe ni baadaye. Babu kashasema: “Madigadi usiifiche, niligongwa Mariakani.”