Naomba ushauri: enka (kifundo cha mguu) inayoteguka kila mara

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Nina miaka 27, nacheza beki wa kulia kwenye mechi za ndondo hapa Morogoro. Enka ya kulia imeshateguka mara tatu tangu mwaka jana, zote mguu ukipinda kwa ndani. Eksirei haikuonyesha mfupa kuvunjika. Maumivu sasa sina, ila nikikanyaga kokoto tu mguu unacheza, na uwanja wenye mashimo naogopa hata kugeuka.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinielekeza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, mara tatu, kila siku. Nipo wiki ya tano. Macho wazi namaliza vizuri. Nikifumba sifiki sekunde 10. Juzi nikajaribu kusimama juu ya mto wa kulalia, nikayumba sana, na jioni enka ikavimba kidogo. Hilo ndilo limenitia wasiwasi, na hela ya kurudi kwake kwa sasa sina.

Je, nirudi kwanza sakafuni mpaka niweze kufumba macho, au niendelee na mto taratibu? Na mliopitia hili, mlijuaje kuwa mguu uko tayari kuruka na kukata kona? Natanguliza shukrani.