Naomba ushauri: vumbi la mbao linanijazia karakana, nilifanyie nini?

Wakuu, habari za kazi. Nina karakana ya useremala hapa Ndeeba, Kampala. Napasua msonobari na mkaratusi kwa wingi, mvule mara chache. Kila jioni tunazoa magunia sita hadi manane. Maranda hayanisumbui, wafugaji wa kuku huja kuyachukua wenyewe. Shida ni vumbi. Mvua ikinyesha linavunda. Jua likiwaka vijana hulichoma, na moshi unaingia kwa mama jirani mwenye mtoto wa pumu. Hilo linaniumiza sana.

Tangu agizo la Rais la 2023 lililopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini, nawaza kutengeneza mkaa wa vumbi. Nimeshajaribu. Nililichoma kwenye pipa lililofunikwa mpaka likawa jeusi, nikachanganya na uji wa muhogo, nikafinyanga vitofali kwa mkono. Siku tatu juani vikapasuka katikati, na ukivunja kimoja ndani bado kina unyevu. Kwenye sigiri vinafuka moshi dakika kumi za mwanzo, halafu vinashika moto vizuri kabisa.

Sasa, uji uwe kiasi gani kwa ndoo moja ya unga wa mkaa? Mashine ya kushindilia ya mkono inatosha, au lazima ya umeme? Na vumbi la mbao za gundi nimelitenga, sitaki moshi wake jikoni mwa mtu. Kuna anayejua pa kulipeleka?