Chelezo kikongwe: bajeti ifuate kalenda au vipimo?

Mleta mada: Wakuu, MV Magogoni ilipopelekwa Mombasa kutengenezwa, hapa Dar tulibishana kuhusu gharama za kivuko tu. Naomba tujadili chelezo chenyewe, yaani bwawa lenye lango linalokaushwa maji ili meli itengenezwe. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, inataka sehemu ya chini ya meli ya abiria ya safari za kimataifa ikaguliwe kila mwaka, kwa hiyo chelezo kikifungwa, ratiba yote inavurugika. Msimamo wangu: vyelezo vya zege vya zamani visitengewe fedha kwa mazoea ya kila mwaka. Vipimwe kwanza, kila sehemu ipewe alama, fedha iende palipochakaa.

Fundi pampu, Kigamboni: Sikubaliani, mkuu. Mpira wa lango, vali na pampu havisubiri ripoti ya mshauri. Kausha chelezo, zima pampu, soma maji yanapanda sentimita ngapi kwa saa kisimani, lile shimo la pampu. Rudia wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Kisha kinga maji yanayovuja kwenye ndoo nyeupe. Yakiwa safi, yaandike kwenye daftari na uendelee kuyafuatilia. Yakiwa na mchanga, udongo wa nyuma ya ukuta unahama na shimo linakua usiloliona. Hapo kazi ni wiki hii.

Mhandisi wa miundo: Hicho ulichoeleza ndicho kipimo chenyewe, ndugu yangu! Ila sakafu haikaguliwi kwa macho. Chukua sakafu ya zege yenye unene wa mita 2: uzito wake ni kama kilonewtoni 48 kwa mita ya mraba. Maji ya ardhini yakisimama mita 8 juu ya kitako chake, yanaisukuma juu kwa takriban 80. Zile 32 zilizobaki zinabebwa na nguzo za kuivuta chini, au mifereji iliyo chini yake inapunguza msukumo. Mifereji ikiziba kwa tope, sakafu inainuka na kupasuka siku chelezo kikiwa kikavu, pengine meli iko juu ya magogo. Rangi mpya haizuii hilo. Weka mabomba ya kupimia maji ya chini, uyasome maji yakijaa na yakipwa.

Ukutani anza na nyundo: panapolia kama debe tupu, zege limeachana na nondo. Kazania ukanda wa kupwa na kujaa, maana pale chumvi na hewa hukutana. Toboa uchukue unga wa zege kila kina cha milimita 10 hadi ufike kwenye nondo, upime chumvi. Volteji ya nondo ikisoma hasi zaidi ya milivolti 350, kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba, kutu karibu hakika inakula.

Mchangiaji, Kurasini: Tahadhari kwa wanaochukua sampuli sakafuni: msitoboe hadi chini. Maji yenye msukumo huo yatapanda kwenye tundu na kubeba mchanga. Pia zege kulia kama debe tupu ukutani si sababu ya kubomoa ukuta mzima. Chora miraba ya mita 2 kwa 2, tengenezeni ile iliyoharibika.

Fundi pampu, Kigamboni: Sakafu nimekubali, ipimwe. Lango sikubali lingoje. Bati la milimita 12 likibaki 9, robo imekwenda, na kifaa cha kupima unene kinakuonyesha asubuhi moja. Fungu la lango na pampu litengwe kila mwaka, lisiguswe na mtu wa vipimo.

Mleta mada: Litengwe, lakini kiasi chake kitokane na zile milimita, si na kilichotumika mwaka jana.