Niko AS (nimebeba jini moja ya sickle cell) na nina mimba, naomba ushauri

Hamjambo wamama wenzangu, niko Kisumu, mimba ni ya wiki 20 na vipimo vimeonyesha mimi ni AS, kiwango cha damu (Hb) nacho kiko 9.8. Kliniki nilipewa vile vidonge 3 vya SP vya kuzuia malaria nikameza hapo hapo nesi akiniangalia, sasa mama mkwe anasema mtu wa AS malaria haimwezi eti niwachane nazo, lakini najua hiyo kinga inapunguza makali tu, na mbu wa huku ziwani mnawajua. Shida ni foliki (folic acid), kemisti aliniuzia ya miligramu 5 na nasikia inapunguza nguvu ya SP, kuuliza kliniki naambiwa ningoje tarehe yangu. Nibadilishe nichukue ya 0.4? Na baba mtoto apimwe sickle cell saa hii ama baadaye?