Mimba imetoka, haikutolewa: wifi yangu yuko Houston na anaogopa kurudi hospitali

Kutoka: Mdogo wenu, Houston

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za siku.

Nina jambo la wifi yangu, mwenyewe ameniruhusu kuliandika. Juma lililopita mimba yake ya wiki kumi ilianza kutoka usiku. Alikuwa amejaza pedi mbili ndani ya saa moja na bado anakataa kwenda hospitali. Nilimkuta amekaa sakafuni bafuni, simu mkononi, anasoma ujumbe wa grupu la ukoo. Mtu wa Moshi ameandika: "Huko Texas mimba ikitoka unafungwa." Tulimpeleka saa tisa usiku kwa kumkokota.

Mapokezi walipouliza kuna nini, kaka akajibu kwa Kiingereza chake: "abortion", neno linalosikika kama kutoa mimba. Nesi akaacha kuandika, akaenda kuita mtu. Tulikaa pale karibu saa nzima. Baadaye walimhudumia, wakamsafisha, tukarudi nyumbani. Sasa ana miadi Jumanne na hataki kwenda, kwa sababu karatasi aliyopewa wakati wa kutoka ina neno lilelile. Je, ana kosa? Na hiyo karatasi inaweza kumfikia polisi?

---

Kutoka: Shangazi, Kiborloni, Moshi

Marahaba mwanangu. Mpe wifi yako pole yangu kabla hujamsomea haya mengine.

Nimekuwa mkunga miaka thelathini hapa Kilimanjaro, na miaka miwili nimelea wajukuu Dallas, kwa hiyo hospitali za pande zote mbili nazijua. Jumanne aende. Asingoje Jumanne kama ana homa, kama uchafu unaotoka unanuka, au kama damu inajaza pedi mbili kila saa kwa saa mbili mfululizo. Hayo ndiyo yanayoua. Ujumbe wa grupu usimfungie mlango.

Kosa hana. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta uamuzi wake wa 1973 uliolinda haki ya kutoa mimba, ikaachia kila jimbo lijiamulie kuhusu kutoa mimba. Texas sheria yake kali ilianza kazi tarehe 25 Agosti mwaka uleule. Inamtazama anayemtoa mwenzake mimba, awe daktari au mtu mwingine: kifungo kinaweza kufika cha maisha, na faini haipungui dola 100,000. Mwanamke mwenyewe hashtakiwi kwa sheria hiyo. Na mimba iliyokwisha kufa yenyewe tumboni, au iliyotunga nje ya kizazi, kuiondoa hakuhesabiwi kuwa ni kutoa mimba hata huko Texas. Ila madaktari wameingiwa na hofu, na hofu yao ndiyo iliyowakalisha saa nzima. Saa moja kwa mama anayevuja damu ni ndefu mno. Hilo linaniuma.

Sasa lile neno. Sisi lugha yetu imetutenganishia: mimba imetoka, mimba imetolewa. Mama akisema imetoka, hakuna Machame wala Marangu atakayemshuku. Kiingereza cha madaktari kina neno moja kwa yote mawili, kisha wanalitangulizia jingine kuonyesha kwamba imetoka yenyewe. Angalieni karatasi, nina hakika mbele ya neno lile pameandikwa "spontaneous". Maana yake ni "yenyewe". Karatasi hiyo inamlinda, aitunze. Neno la kawaida la mimba kutoka ni "miscarriage", mwandikieni kwenye kikaratasi akae nacho kwenye pochi.

Na kaka yako asitafsiri tena. Namheshimu, alikuwa na hofu ya mkewe, lakini hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu, na karibu zote zinapokea, zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Kwa Kiswahili mara nyingi anakuja kwa simu. Tena ipo sheria ya 1986: mwenye dharura akifika hospitali lazima apimwe na atulizwe hali yake, awe na bima asiwe nayo, awe na makaratasi ya kuishi huko asiwe nayo.

Kuhusu siri, nitasema linalonigusa mimi. Binti yangu alinitumia picha ya ultrasaundi kutoka Dallas. Nilifurahi, nikaiweka kwenye grupu la ukoo lenye watu sitini na kitu. Siku ya tatu muuza ndizi sokoni hapa Kiborloni akanipa hongera, na mimi sikuwa nimemwambia. Ile mimba ilitoka wiki ya kumi na mbili. Binti yangu akapokea pole za watu asiowajua, na wawili wakamuuliza alikunywa nini. Hakunieleza tena habari za mwili wake kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nimeshapanga ndizi za mtori wa uzazi wake.

Sheria ya Marekani ya 1996 inafunga mdomo wa hospitali na kampuni ya bima, ingawa amri ya mahakama inaweza kuufungua. Haifungi mdomo wangu wala wa binamu yako. Na yaliyoandikwa kwenye simu yanasomeka: Nebraska, mwaka 2022, mama na bintiye walishtakiwa katika kesi ya kutoa mimba, na polisi walikuwa wamepata mazungumzo yao ya Facebook kwa amri ya mahakama. Texas nako, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu yeyote wa kawaida anaweza kumdai mahakamani aliyesaidia mimba kutolewa, fidia isiyopungua dola 10,000. Sasa fikiria mjomba anayeandika kwa wema tu, "tulimsaidia wifi akaitoa", kwa sababu hajali tofauti ya maneno. Mkiuona ujumbe wa hivyo, mwambieni aufute.

Jambo la dawa. Kuna aliyeniomba nimpe msafiri wa uwanja wa ndege wa KIA vidonge vya misoprostoli, dawa ya kusafisha kizazi inayoweza pia kutoa mimba, avipeleke huko. Nimekataa. Hata hapa kwetu Kanuni ya Adhabu ni kali: anayemtoa mwenzake mimba hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi 7, anayetoa dawa akijua kazi yake hadi 3; upasuaji wa kuokoa maisha ya mama umeachiwa nafasi katika kifungu cha 230. Ila mama anayefika hospitali ya Mawenzi au KCMC anavuja damu anatibiwa, hiyo ni huduma yetu ya kila siku. Daktari wa wifi yako akimwandikia misoprostoli kwa mabaki ya mimba kizazini, amwombe aandike sababu kwenye cheti, maana wapo wauza dawa huko wanaosita.

---

Kutoka: Baba Wawili, Minneapolis

Shangazi shikamoo. Naongeza moja tu: zile programu za simu za kuhesabu siku za hedhi nyingi hazimo kwenye sheria ya 1996. Mojawapo, Flo, mwaka 2021 ilibidi ifanye mapatano na tume ya biashara ya Marekani baada ya habari za watumiaji kufika Facebook na kwingine. Mke wangu sasa anatumia kalenda ya ukutani. Na kanuni ya 2024 iliyokuwa imeongeza ulinzi wa rekodi za uzazi, jaji wa Texas aliifuta Juni 2025, kwa hiyo msiitegemee.

---

Kutoka: Mdogo wenu, Houston

Asanteni sana. Tumetoka hospitali sasa hivi. Aliomba mkalimani mwenyewe, akaletewa mama mmoja kwa simu, lafudhi ya pwani kabisa. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, imetoka au imetolewa?" Wifi akasema, "Imetoka." Ndipo akaanza kulia, na yule mama akamngoja amalize bila kumharakisha. Kaka alikaa nje.

Kizazi ni kisafi, damu inakata. Anarudia kipimo Alhamisi ijayo. Kwenye grupu la ukoo hatuandiki kitu, na mama kule Marangu wifi atampigia mwenyewe siku atakayotaka.