Ufadhili wa utafiti wa rumatolojia: miezi michache au mwaka mzima?

Goti_Gumu: Wakuu, salaam. Nasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, na moyo uko kwenye rumatolojia, yaani magonjwa ya viungo na ya kinga ya mwili. Nimebakiwa na chaguo mbili na dirisha linakaribia kufungwa. Moja ni ufadhili wa Rheumatology Research Foundation, utafiti wa miezi michache chini ya msimamizi. Nyingine ni R38, ruzuku ya NIH (taasisi za afya za serikali ya Marekani) ya kufanya utafiti, mwaka 1 hadi 2 ndani ya mafunzo. Nijaze ipi?

Zamu_ya_Usiku: Mkuu, umetupa nusu habari. Mwaka wa ngapi? Uraia? Msimamizi unaye?

Bi_Kalamu: Na R38 huombi NIH moja kwa moja. Fedha wanapewa chuo, wewe unagombea nafasi hapo chuoni. Chuo chako kinayo?

Goti_Gumu: Mwaka wa pili. Chuo kinayo. Msimamizi tumeongea juu juu tu.

Zamu_ya_Usiku: Uraia umeuruka. R38 inataka raia au mkazi wa kudumu wa Marekani, na T32, ruzuku nyingine ya NIH ya mafunzo ya utafiti huko mbele, ni hivyo hivyo.

Mzee_Kolchisini: Hilo la "juu juu" ndilo limenishtua. Mimi nilipata ufadhili mfupi wa kuchunguza jongo, ule ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini. Msimamizi jina kubwa, kila wiki yuko safarini. Nimefika, kumbe kibali cha kamati ya maadili hakijaombwa, na muda wa ufadhili umeshaanza kuhesabiwa. Nikakaa nasoma makala. Kibali kilipotoka, mwenye nywila ya kanzidata kaenda likizo ya uzazi! Data nikaja kuzichambua usiku, nimesharudi wodini, zamu juu ya zamu. Nilichovuna ni bango moja la mkutano, jina langu la nne. Kabla hujasaini, omba uone barua ya kibali. Uione kwa macho.

Bi_Kalamu: Pole Mzee. Ila hiyo ndiyo hoja ya kuchukua R38. Asilimia 80 ya muda wako ni utafiti, kibali kikichelewa bado unapumua.

Seli_B: Inategemea kazi. Miezi michache ya maabara utaishia kujua kushika pipeti. Ukienda na mfupi, tafuta rejista ya wagonjwa iliyokwisha jazwa. Na jongo achana nalo, kila kitu kinajulikana. Nenda lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe.

Mzee_Kolchisini: Kinajulikana na nani? Mwongozo wa American College of Physicians wa 2017 ulisema ushahidi wa kufukuzia kiwango maalumu cha asidi ya yuriki hautoshi. American College of Rheumatology 2020 wakasisitiza kishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita ya damu. Alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, ipo tangu miaka ya 1960 na bado wanavutana.

Seli_B: Na lupasi je? Dawa ya haidroksiklorokwini iliidhinishwa Marekani 1955, kisha kimya mpaka belimumabu 2011. Nani mwenye njaa zaidi ya utafiti?

Zamu_ya_Usiku: Jamani, mwenye uzi kauliza fomu, si ugonjwa.

Seli_B: Ugonjwa ndio unaochagua fomu, mkuu.

Goti_Gumu: Nimerudi. Ukazi wa kudumu ninao. Msimamizi nimempigia, kasema kibali kiko njiani.

Mzee_Kolchisini: Njiani kutoka wapi?