MREJESHO: Medali ya 1968 imefika kwa wenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Ni mimi niliyeuliza namna ya kumpata mwenye medali ya riadha niliyoikuta kwenye droo ya kabati la mtumba, pamoja na picha ya vijana watatu. Nyuma ya medali: "Maili 1, 1968" na herufi mbili za jina.

Tangazo la redioni halikusaidia. Waliopiga simu wote walidai ni yao. Ukiwauliza nyuma kumeandikwa nini, kimya. Aliyenielekeza Maktaba Kuu ya Taifa, pale barabara ya Bibi Titi, Dar es Salaam, Mungu akubariki. Dada wa zamu alinitolea majalada ya gazeti la Uhuru la mwaka ule, karatasi zimegeuka rangi ya chai, tukafunua kurasa za michezo hadi jina likajitokeza: mkimbiaji wa timu ya Reli. Wastaafu wa reli wakamalizia kazi.

Mzee mwenyewe ameshatangulia mbele za haki. Medali nimemkabidhi bintiye. Aliangalia kwanza kile kipete cha juu, akasema, "Hapa alichomelea baba mwenyewe." Basi, wasiwasi ukaniisha. Wale vijana wa kwenye picha hata yeye hawatambui, kwa hiyo picha bado ninayo.

Ukienda maktaba, taja gazeti na mwaka, la sivyo utashinda pale siku nzima. Asanteni sana.